Dada Yangu na Wafu wa Kaole

Mimi si mtu wa safari. Wako watu wakiona basi miguu inawawasha. Mimi nikiona basi natafuta pa kukaa hapo hapo nilipo. Nimezaliwa Morogoro, nimesoma Morogoro mpaka kidato cha nne, na kidato cha nne chenyewe kilipofika mwisho kiliniambia waziwazi, rudi nyumbani kaka, inatosha. Nikarudi. Kibanda changu cha kutengeneza redio na pasi kiko Mwembesongo, ubavuni mwa chumba ninacholala, kwa hiyo nikiamka nimeshafika kazini. Dumila nimewahi kwenda, tukarudi na magunia ya vitunguu. Mzinga nimewahi kwenda, kwenye harusi, na njiani nilisinzia. Milima ya Uluguru naiona kila asubuhi nikipiga mswaki, inanitosha, na nadhani na mimi naitosha.

Basi mwaka juzi dada yangu akaingia kibandani akiwa na mkoba mkononi, akakalia stuli ya wateja, akasema, "Jumamosi tunakwenda Kaole."

"Kaole ndiyo wapi?"

"Bagamoyo huko. Kwenye magofu."

"Magofu ninayo hapa hapa," nikamwambia, nikamwonyesha magoti yangu.

Hakucheka. Dada yangu anachekesha watu lakini yeye hachekeshwi kirahisi. Akaniambia nipige pasi suruali ile ya kijivu, ile ya misiba na harusi, na nisimletee habari za magoti.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Dada ni mjane. Alizaa watoto wawili. Wa kwanza, wa kiume, alikwenda Mwanza kutafuta maisha, akayapata, na tangu ayapate hajarudi hata Idi. Aliyebaki ni binti, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye serikali ilimpangia Bagamoyo. Huko akampata kijana mmoja wa Kaole ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni kwenye magofu. Kijana alishakuja kwetu kujitambulisha, akakaa kwenye mkeka kwa adabu, akala ugali wetu na mlenda wetu bila kukunja uso. Hatukuwa na neno juu yake. Lililobaki lilikuwa moja tu: wakishaoana wakae wapi.

Dada alitaka wakae Morogoro. Nyuma ya nyumba yake kuna kiwanja kidogo anachopanda mchicha, na katika kichwa chake alishajenga pale vyumba viwili na baraza. Alishaulizia hata namna ya binti kuomba uhamisho. Na kama sababu, alikuwa na desturi: kwetu Waluguru, zamani, mwanamume ndiye aliyemfuata mwanamke, akajenga kwao, watoto wakawa wa ukoo wa mama. Ni kweli, wazee waliishi hivyo. Ila dada mwenyewe alipoolewa alibeba masanduku yake akamfuata shemeji yangu mpaka Kilosa, na desturi hiyo sikumsikia akiitaja hata siku moja mpaka ilipomfaa.

"Neno hilo utalisema wewe," aliniambia. "Wewe ndiye mjomba. Mama akilisema litaitwa wivu. Mjomba akilisema litaitwa desturi."

Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Ujomba ndicho cheo pekee nilichopata maishani, nilikipata bila mtihani, na kama mjomba hajasema, kwetu hakuna ndoa. Tukaondoka alfajiri. Dada alibeba kikapu cha magimbi na ndizi mbivu za mlimani, mimi nikabeba uchovu wangu. Chalinze tukabadilisha gari, Msata tukabadilisha tena, na njia nzima alikuwa akinifanyisha mazoezi.

"Hebu sema."

"Kijana aje akae kwetu. Kiwanja kipo."

"Unasema kama unaomba maji. Sema kama mjomba."

"Kijana aje akae kwetu! Kiwanja kipo!"

Abiria wa mbele akageuka akaniambia hongera.

Lazima niseme kidogo habari za dada na utani, maana bila hilo hamtaelewa yaliyotupata. Pale Mwembesongo dada yangu ni mtu wa kuitwa. Akifa mtu wa kabila ambalo ni watani zetu, watu hawaridhiki mpaka yeye afike. Atafika amevaa gunia. Atamwiga marehemu alivyokuwa anatembea, atawanyang'anya wafiwa sufuria ya wali, atashuka kaburini kabla ya jeneza alale chali aseme hapa pamechukuliwa, tafuteni pengine. Na wafiwa waliolia tangu usiku watacheka mpaka washikane mabega, kisha watampa jogoo au kanga ili atoke. Ni kazi ngumu hiyo. Nimemwona akirudi nyumbani jioni baada ya kuchekesha msiba mzima, anavua lile gunia, anakaa kimya kama mtu aliyebeba mawe. Mume wake alipokufa watani walikuja wakamfanyia hivyo hivyo, na anasema bila wao asingekula chochote wiki ile.

Sasa, kwa hesabu za dada, Bagamoyo ni Wakwere, na Wakwere ni watani zetu. Kwa hiyo alikuwa anakwenda kwa watani. Alishajiandaa. Mimi sikuwa na habari; ningejua ningemwambia aulize kwanza. Hapana, nisijisifu. Ningesinzia.

Binti na mchumba wake walitupokea stendi, tukapanda bajaji mpaka Kaole. Joto lile! Sisi joto la Morogoro tunalijua, lakini la pwani lina mikono, linakushika. Kijana akatupa shikamoo zake zote, akapokea kikapu, akasema chakula bado kiko jikoni, baba yake alikuwa msikitini atatukuta, basi kwa nini tusipite kwanza magofuni, si mbali, tuone anapofanya kazi?

"Kuna kivuli?" nikauliza.

"Kipo, mjomba."

"Twende."

Ningependa kuandika kwamba nilisisimka. Kitu cha kwanza kunifurahisha pale kilikuwa kivuli, na cha pili kilikuwa ukuta wa kuegemea, ila nikaambiwa ukuta huo hauegemewi. Ni kuta za mawe ya matumbawe, za msikiti wa kale sana, zimebaki nusunusu, na kibla bado imesimama kama mlango uliozibwa. Kuzunguka msikiti kuna makaburi ya mawe, mengine yana minara, na kwenye mnara mmoja kuna vishimo vya mviringo ambamo, kijana alisema, wenyewe walikuwa wamepachika mabakuli mazuri kutoka nchi za mbali, na mabakuli yameondoka. Akatuambia mji huu ulikuwa bandari. Bahari ilifika pale, akatuonyesha. Nikatazama, nikaona mikoko tu, kijani kibichi mpaka mwisho wa macho.

"Bahari ilikwenda wapi?"

"Ilirudi nyuma, mjomba. Mchanga ulijaa, mikoko ikaota, majahazi yakashindwa kuingia, watu wakahama."

Nikaielewa bahari ile. Kuja mpaka pale kila siku, mara mbili, kujaa na kupwa, nani asingechoka?

Binti yetu alikuwa akimtazama kijana anavyoeleza, nami nikamtazama binti. Mtoto yule, tangu mdogo, akipenda kitu midomo yake inafunguka kidogo. Ilikuwa imefunguka. Dada naye aliona. Akavuta kanga yake kichwani, akasema kwa sauti ya chini, "Mawe matupu," lakini hakuwa anasema habari za mawe.

Ndipo mzee akatokea. Alikuja kwa njia ya mikokoni, mrefu, mwembamba, kanzu imenyooka kama imetoka kwa dobi dakika ile, anatembea polepole akiangalia anapokanyaga. Dada akamuuliza binti, "Ndiye?"

"Ndiye, mama."

Dada akanipa mkoba wake. Nikaupokea, nikadhani anataka kujifuta jasho. Kumbe. Alitandika kanga yake juu ya kaburi lililokuwa karibu, kaburi fupi lenye kuta za kufika magotini, akapanda, akaketi juu yake, akanyoosha miguu, akapiga yowe ambalo ndege wa pale sidhani kama wamelisahau.

"Uwiii! Simama hapo hapo, mtani! Usisogee! Mmewazika watu wenu kimya kimya mamia ya miaka, watani hatukuitwa! Leo tumefika! Sitoki hapa mpaka niletewe jogoo! Na nyie ni watu gani, mmejengewa nyumba za mawe mkashindwa kuzikaa, mkawapa popo? Mabakuli mmekula pamoja na wali?"

Nikacheka. Nikacheka kwa nguvu, maana ilikuwa nzuri, ile ya mabakuli hasa. Kisha nikagundua nacheka peke yangu.

Kwa kawaida hapo mtani anajibu. Anasema mlima umewatapika, au anakuja kumburuta kwa miguu, na vumbi linatimka na watu wanafurahi. Mzee hakusema hivyo. Alisimama. Alimtazama dada, akalitazama kaburi, akamgeukia mwanawe akamuuliza taratibu, kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa:

"Huyu bibi ana nini?"

Binti akamkimbilia mama yake.

"Mama, shuka."

"Ngoja kwanza, huyu mtani hajanijibu."

"Mama, si mtani. Si Mkwere huyu. Ni Mpemba."

"Mpemba?"

"Wa Pemba, mama. Kisiwani. Nilikwambia alikuja kwa mashua."

"Nilidhani ni mashua ya kwenda kuvua na kurudi!"

Dada akashuka kaburini polepole, kama mtu aliyeshushwa kwenye basi lililompitisha kituo. Akaivuta kanga yake. Ilikwama kwenye jiwe, akaivuta tena. Nilikuwa bado nimeshika mkoba.

"Juu ya kaburi hakukaliwi, bibi," mzee akasema. Akageuka akarudi kwa njia ile ile aliyojia. Hata kukasirika hakukasirika, na ndilo lililotutisha.

Tulikwenda nyumbani kwake. Kijana akatembea pembeni yangu, akaninong'oneza, "Mjomba, baba hagombi. Akigomba ni nafuu. Akinyamaza ndiyo hivyo." Nikamuuliza ndiyo vipi. Akasema kuna jirani walikosana naye habari ya nyavu, mzee akanyamaza, na mpaka leo akipita kwake anageuza uso upande wa pili.

Kwa hiyo sasa hesabu ilibadilika. Asubuhi tulikuwa tunagombea wakae wapi. Mchana ule hatukujua kama kutakuwa na wa kukaa.

Chakula kilikuwa kizuri mno na sikukionja. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, bamia. Mzee alitunawisha mikono mwenyewe, birika lake, beseni lake, mmoja mmoja, dada pia, akasema karibuni, kisha akachukua sahani yake akaenda kula barazani, ametupa mgongo. Binti alikuwa anamega tonge moja analizungusha tu. Dada, ambaye sijawahi kumwona akishindwa kula, alichambua mwiba mmoja wa samaki muda wote ule.

"Nenda kamwambie," akasema, bila kuniangalia.

"Nikamwambie nini?"

"Wewe si mjomba?"

Nikaenda. Magoti yangu yalilia yakisimama, yakalia yakikaa. Nikakaa barazani kando yake, nikakohoa.

"Mzee, tusamehe. Kwetu ule ni utani. Hatukukusudia kudharau."

"Utani na nani?"

"Na Wakwere."

"Wakwere nyumba ya pili hapo. Mngebisha hodi."

Tukakaa. Kuku akapita. Baada ya muda akasema, bado anatazama mbele, kwamba yeye alifika pwani hii kijana mbichi, akifuata samaki, na hakuwa na mtu. Wafu wale wa ndani ya kuta si wake, hawajui, wala hakuna anayewajua kwa jina. "Lakini nje ya ukuta, makaburi ya kijiji, yuko mama wa mwanangu. Nikienda kumfagilia, nawafagilia na wao. Sijapata kuona mtu kamkalia mtu pale."

Nikataka kumwambia kwamba shemeji yangu naye alipokufa dada alichekeshwa hivyo hivyo, kwamba kwetu kumkalia mtu kaburi ni namna ya kumlilia. Lakini maneno hayo yalikuwa marefu, nami nilikuwa nimechoka, na yeye hakuwa ameniuliza. Nikasema, "Pole, mzee." Akasema, "Nimeshapoa." Kwa sauti ya mtu ambaye hajapoa.

Mtu aliyetuokoa alikuwa jikoni muda wote huo. Ni mama mmoja jirani aliyekuja kupika, maana nyumba ile haina mwanamke. Alitoka uani na mwiko mkononi, mnene, jasho linamtiririka, akasimama katikati ya mlango akitutazama mmoja mmoja.

"Nasikia Waluguru wameingia mji huu," akasema. "Nani kawaruhusu kupita bila kunilipa ushuru mimi Mkwere?"

Akaelekeza mwiko kwangu.

"Nimeona ndizi kwenye kikapu nikajua tu. Hebu niambieni, mlimani mlishuka kwa miguu au mlibiringika?"

Nikamwona dada anainua kichwa. Lakini hakujibu. Alikuwa amefunga kinywa chake kwa siku ile, na ilimuuma, niliona ilivyomuuma.

Yule mama akaenda barazani. "Baba," akamwambia mzee, "huyu bibi si wa kwako. Ni wa kwangu. Alikuwa ananitukana mimi, akakosea mlango. Mtani akikosa, anahukumiwa na mtani wake. Wewe humo."

"Kakosa kwangu," mzee akasema.

"Kwako kakosea njia tu. Kosa ni langu, na hukumu ni yangu. Atafagia. Aanze kwa mama wa kijana, amalizie kwa hao aliowakalia. Na huyu mjomba wake aliyecheka, nimesikia kicheko chake mpaka jikoni, atabeba takataka."

Mzee akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na fagio la njiti za mnazi, akamkabidhi dada kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu kitu cha thamani au kitu usichotaka akiharibu.

Kwa hiyo badala ya kulala mchana kama binadamu wengine, nilirudi makaburini, jua limeinama kidogo lakini halijapunguza ukali, nikiwa na karai la kubebea majani. Suruali ya kijivu nikaikunja. Kijana alitaka kutusaidia, yule mama akamzuia, akasema hukumu haisaidiwi. Mzee alikaa mbali kidogo, juu ya jiwe lisilo la mtu yeyote.

Kaburi la mkewe ni la udongo, limezungushiwa vijiwe vyeupe. Dada akavua viatu. Akaanza kufagia kutoka kichwani kwenda miguuni, akiinama, mgongo wake ule ambao kila Jumatatu lazima nimnunulie dawa ya kuchua. Hakuinua uso. Njiti zinakwaruza mchanga, shaa, shaa, nami nazoa majani namwaga, narudi nazoa. Majani ya pale hayaishi. Unafagia huku nyuma yanashuka mengine, na nikafikiria mzee huyu akifanya hivi wakati wote huo peke yake, bila hata mtu wa kumcheka.

Alipomaliza lile la kwanza dada hakuhamia la pili. Alichuchumaa. Akaweka kiganja juu ya mchanga alioufagia, akaanza kuzungumza kwa Kiluguru, kile cha mlimani cha bibi yetu, ambacho mjini tunakitumia kugombana tu. Alizungumza taratibu, kama majirani wawili wakichambua mboga. Alijitaja, akamtaja mama yetu na mama wa mama yetu, akasema ametoka wapi na amebadilisha gari mara ngapi. Akaomba radhi kwa kelele. Akamwambia yule mwenzake aliyelala pale kwamba yeye pia anafagia la mumewe, anajua kazi ilivyo. Kisha akasema neno ambalo lilinifanya nisimame na karai langu. Akasema, mwanangu nimekuletea, mtazame kama wako, ana homa za mara kwa mara na hapendi kuamshwa kwa kelele.

Akajifuta pua kwa ncha ya kanga.

Mzee alikuwa amesogea. "Umemwambia nini?" akamuuliza.

Dada angeweza kumwambia lolote. Kiluguru mzee hakijui, nami nisingemsaliti. Nilimwona akitafuta, nilimwona kabisa. Yote yalikuwa usoni pake, kile kiwanja, ile baraza, vile vyumba viwili kwenye mchicha. Lakini dada yangu amelala katika makaburi mengi ya watu, na jambo moja analoliamini ni kwamba ukishasema mbele ya marehemu umesema.

"Nimemwambia nimemletea binti yangu," akasema. "Amtazame kama wake."

Mzee akatikisa kichwa, mara moja, kukubali.

"Basi umeshamleta," akasema.

Akanigeukia mimi. "Na mjomba? Una neno?"

Nilikuwa nalo. Nililikariri tangu Chalinze, nililisema mpaka abiria akanipongeza. Nikamtazama dada. Yeye alikuwa anakagua njiti za fagio kama anataka kulinunua. Binti, kule kwenye ukuta, ameshika mkono wa kijana, na midomo imefunguka kidogo.

"Sina, mzee," nikasema. "Mama yake ameshasema."

Mzee akataka kuchukua fagio mkononi mwa dada. Dada akakataa kulitoa, akasema bado wale aliowakalia. Wakafagia pamoja, dada na fagio lile, mzee na tawi la mkoko, kila mmoja upande wake wa msikiti uliokufa, na mimi nikibeba takataka zao wote wawili, hukumu yangu ikiwa imeongezeka bila kesi kusikilizwa.

Jioni dada aliomba aonyeshwe chumba. Kijana akafungua mlango wa upande wa nyuma, chumba chenye kitanda kimoja na dirisha linaloangalia mikoko. Dada akaingia. Akabonyeza godoro. Akanusa chandarua, akakisambaza, akahesabu matundu yake, akamwita binti ayaone. Akauliza maji yanachotwa wapi na kama ni ya chumvi. Akauliza mchicha unaota huku au mchanga unaukataa. Akauliza dirisha hili, usiku mbu wanapitia hapa au wana mlango wao? Kijana anajibu kila kitu, "Ndiyo mama, hapana mama," jasho linamtoka kuliko alipokuwa anaeleza habari za mji mzima.

"Kitanda kigeuzwe," dada akasema mwishoni. "Hawezi kulala kichwa dirishani, atapata mafua. We mjomba, unasimama tu hapo, shika upande huo."

Nikashika upande huo.